Koningsdag Uholanzi: nimpeleke mamangu barabarani au tufunge mlango kama dadangu?

BintiKongowea

Asalam aleikum wapwani wenzangu, na wengine wote hamjambo. Nna swali na najua humu muna watu mshatembea. Dadangu ameolewa Uholanzi, mji waitwa Amersfoort, amejifungua mwezi wa pili, na mimi na mamangu tushapata visa ya kumtembelea, tunatoka baada ya Idd tukae mpaka mwezi wa tano in shaa Allah. Sasa shemeji kila akipiga simu ni kutusisimua tu, ati 27 Aprili ni sikukuu yao kubwa kabisa, Koningsdag, siku ya mfalme, nchi nzima yavaa rangi ya chungwa na watu watoka na vitu vyao vya zamani wavitandaza barabarani wauza. Dadangu nae akiskia hivyo amnyang'anya simu. Asema tusimskize, ni siku ya walevi, yeye miaka minne yuko kule na siku hiyo hutoka mara moja tu kununua maziwa akarudi akafunga mlango.

Mimi kazi yangu ni mitumba ya watoto pale Kongowea. Kwa hivyo mtu akinambia kuna siku nchi nzima yauza mitumba barabarani na hakuna kanjo wa kukufukuza wala kukudai risiti, mimi usingizi sipati mpaka nione. Lakini nna mamangu, ana miaka 67, magoti yamsumbua, kusimama sana hawezi, na choo ni lazima kiwe karibu. Sote twavaa buibui. Je yawezekana kwenda tukaona tukarudi na heshima zetu, au dadangu asema kweli? Na tukitoka twende wapi, shemeji ataka kutupeleka Amsterdam. Na jengine, nacheka lakini nauliza kwa dhati, nkibeba leso kama dazeni tatu nkatandaza na mimi ntafungwa?

Baharia_wa_Likoni

Kabla hujauliza chengine chochote dadangu, uliza TAREHE.

Mimi 2025 meli yetu ilifunga Rotterdam usiku wa 26 Aprili. Tumechoka, injini imetusumbua njia nzima, lakini mimi nna raha zangu kwa sababu kesho yake ni 27 na hii sikukuu naiskia kwa mabaharia wenzangu miaka. Nguo ya rangi ya chungwa sina hata moja. Nkafikiriii, nkaona ovaroli yangu ya kazi ya akiba, imefuliwa, imepigwa pasi, rangi ndo ile ile. Nkaivaa, nkapanda gari la mabaharia mpaka mjini.

Kufika hakuna sherehe. Watu wapo lakini ni wale wa Jumapili asubuhi, mzee na mbwa wake. Chini vikombe na makaratasi, puto moja limenasa kwenye waya wa tramu, na wafagiaji wa mji wako kazini. Na wote, wallahi wote, wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa. Mimi nimesimama katikati yao kama mwenzao nimechelewa shifti. Mama mmoja akatoka mlangoni na boksi la takataka akanikabidhi, akasema dank je wel, yaani asante, akarudi ndani. Nkalipokea, ningefanyaje.

Ndo nkaja kuambiwa kwamba 27 ikiangukia Jumapili wao hawasherehekei Jumapili, huirudisha nyuma Jumamosi. Kwa hivyo ilikua jana, mimi niko baharini nachuja mafuta. Mwaka huu wenu, 2026, ni Jumatatu, 27 ni 27, uko salama. Lakini hesabu kila mara.

MamaWawili_Utrecht

Wa aleikum salam mpenzi, na hongera ya mtoto. Mimi asili yangu Kibokoni, niko Utrecht mwaka wa kumi na moja sasa, na huyo dadako namuelewa kabisa kwa sababu na mimi miaka mitatu ya kwanza nlifunga mlango hivyo hivyo. Nachungulia dirishani naona watu wamevaa mataji ya karatasi na manyoya ya chungwa shingoni nasema hawa wamepatwa na nini. Alafu watoto wangu wakaanza skuli, na mtoto akishaanza skuli ya Kiholanzi huna ujanja, mwalimu amewaambia kila mtu atauza vitu vyake vya kuchezea.

Ntakueleza vile ilivyo. Kile kitu shemeji anachokisifu chaitwa vrijmarkt, soko huru. Siku hiyo moja mtu yeyote huruhusiwa kuuza vitu vyake vilivyotumika barabarani bila leseni na bila kodi. Na wauzaji wakubwa ni watoto! Watoto wa miaka sita, saba, nane, wamekaa juu ya blanketi, wamepanga magari yao, vitabu, viatu vya kuteleza barafuni vilivyowabana, midoli haina mkono mmoja, senti hamsini, euro moja. Mahali penyewe huwekwa alama mapema, utaona lami imechorwa mraba kwa chaki au imebandikwa tepu na ndani pameandikwa BEZET, maana yake pana mwenyewe. Na watu waheshimu! Mraba wa chaki tu. Mtoto asie na cha kuuza apiga fidla vibaya mbele ya mlango na kopo la sarafu miguuni, au babake amekaa nyuma ya ubao wenye tundu, uso tu ndo watokeza, na wewe walipa sarafu umpige yai la usoni. Kuna na mchezo wa keki zimefungwa kwenye uzi, mikono nyuma, ukate kwa meno. Mara ya kwanza nlicheka mpaka mtandio ukanitoka.

Hapa kwetu Utrecht huanza jioni ya tarehe 26, saa kumi na mbili, na huenda usiku kucha mpaka kesho yake. Nakumbuka sana ile ya 2022 kwa sababu mbili. Ndo ilikua ya kwanza ya kawaida baada ya korona, watu wamefungiwa ndani miaka miwili, sikwambii kulivyojaa. Na pili ilikua Ramadhani, kumi la mwisho. Nimefunga, nimekaa kwenye kigoda nalinda watoto wangu na midoli yao, na huku mwezi wa nne jua lazama saa tatu usiku, si mchezo, unahesabu masaa kama kumi na saba tangu daku. Jirani yangu wa kushoto, mzee wa Kiholanzi anauza sahani na taa, kila saa aja na kitu, chukua kahawa, chukua keki, namwambia siwezi mpaka jua lizame. Akauliza lizame lini, nkamwambia. Basi akachukua keki yake moja, ile tompouce, ni kama mkate wa tabaka mbili una krimu katikati na juu sukari ya rangi, kila siku huwa ya waridi na siku hiyo ndo hugeuzwa ya chungwa, akaifunika na sahani yake ya kuuza. Mteja akaja akaitaka ile sahani, mzee akakataa kumuuzia. Ina kazi, amwambia. Saa tatu kamili kanifunulia. Jirani wa upande wa pili, mwanamke wa Surinam kule Amerika Kusini, akaniletea bara, na wewe ukija uile, ni badia ile ile yetu, ya duara ina tundu, watia na pilipili yao. Nkala tende na bara na tompouce juu ya kigoda barabarani na muziki wa fujo kila upande.

(Tompouce uliza kwanza kama ina jelatini, mara nyengine hutiwa. Na mukipewa kinywaji cha rangi ya chungwa kwenye kigilasi kidogo MSINYWE, yaitwa oranjebitter, ni pombe kali, si juisi. Mamako asije akaghafilika.)

Sasa mambo ya mamako. Vyoo ndo mtihani wa siku hiyo. Vile vya kuweka mtaani vingi ni vya wanaume wasimama, mwanamke waenda wapi. Lakini kuna watu hubandika karatasi mlangoni WC euro moja au mbili, waingia ndani kwao kabisa, mtoto wao akuonyesha njia na akulindia mlango. Mamangu mimi alipokuja alitumia kimoja akarudi asema choo kisafi kuliko cha uwanja wa ndege, akataka kurudi tena kuangalia vigae.

Walevi wapo, dadako hakudanganya. Lakini walevi huamka mchana. Saa mbili mpaka saa sita ni watoto na wazee na watu wa kutafuta vitu, baada ya saa nane ndo mabia na maspika. Nendeni mapema, rudini mapema. Na Amsterdam achaneni nayo kabisa na magoti hayo.

msee_wa_Tudor

Namuunga mkono mama hapo juu kuhusu Amsterdam. Nlikua nasoma Wageningen, huko huko Uholanzi, 2024 tukaenda na wenzangu, iliangukia Jumamosi, na bro nimekulia hapa najua msongamano ni nini. Wajua pale Likoni saa kumi na mbili jioni, feri moja imeharibika na watu wa siku nzima wamekusanyika pale kwenye mteremko, na wewe miguu haigusi chini wabebwa tu? Toa jua, tia muziki, tia kila mtu amevaa rangi moja, na mteremko wenyewe usiishe. Ndo nje ya stesheni ya Amsterdam Centraal. Tulikua sita, kufika daraja la tatu tuko wawili, na simu hazishiki mtandao. Tramu katikati ya mji hazipiti, magari hayapiti, watembea. Baiskeli nayo siku hiyo kwenye treni hairuhusiwi, na nchi ile kumwambia mtu asibebe baiskeli ni kama kumwambia mtu wa Mombasa asile mbaazi.

Lakini nikisema sikufurahia ntakua mwongo. Kwenye mifereji boti zimebanana kiasi ukitaka wavuka ng'ambo kwa kuruka boti hadi boti, watu wacheza juu yake, na madarajani juu watu kama sisimizi wapunga mikono. Wageni wengi huona hiyo tu, wapiga picha warudi hotelini wasema wameona Koningsdag. Kumbe asubuhi ile ile Vondelpark kulikua na watoto wamejaa na mablanketi yao na mimi niko kwenye foleni ya treni. Hiyo ndo najuta.

Pesa: beba sarafu. Mtu mzima atakwambia lipa kwa kadi, na siku hizi hata vitoto vina karatasi yenye vidoti vya kuskani kwa simu, lakini hiyo yataka benki ya kule, ni kama mtu atoke Ulaya aje Marikiti aambiwe tuma M-Pesa. Sarafu za senti moja na mbili dukani hawazitumii, wapandisha au washusha mpaka tano. Na jaketi, mwezi wa nne kule si mwezi wa nne wetu, mvua ipo kote lakini yao ni baridi.

Changamwe_Mkali

Nyinyi watu mwanishangaza. Mfalme! Wakoloni wale wale, wauza watumwa wale wale, wamechukua Surinam, wamechukua Indonesia, alafu mtu atoke Kongowea na nauli yake ya jasho aende akavae rangi ya mfalme ampigie makofi birthday. Na hiyo chungwa kwanza, mtu akipiga picha akatuma huku watu watasema ulienda mkutano wa ODM Tononoka.

MwalimuMstaafu_Kizingo

Changamwe, kijana wangu, hasira yako ina msingi na sitakunyang'anya. Ila tuzijue habari vizuri kabla ya kugombana.

Hilo chungwa halihusiani na letu, lile la alama ya "Hapana" kwenye kura ya maoni ya katiba ya 2005. Orange ni jina la mji, uko kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1544 kijana wa ukoo wa Nassau aitwaye Willem alirithi utawala wa mji huo, ndiye baadaye akaongoza Waholanzi kuasi dhidi ya Hispania, na jina likabaki kwa ukoo mpaka leo. Tunda na mji yalifanana jina tu, watu wakachukua rangi. Bendera yao ya leo ni nyekundu, nyeupe na buluu, haina chungwa hata kidogo, isipokuwa siku kama hii huning'iniza kitambaa chembamba cha chungwa juu yake.

Na sikukuu yenyewe haikuanza kwa mfalme, ilianza kwa mtoto. Tarehe 31 Agosti 1885, binti mfalme Wilhelmina alipotimiza miaka 5, mji wa Utrecht ukafanya sherehe ya watoto. Alipokuwa malkia ikawa siku ya malkia. Bintiye Juliana aliposhika, tangu 1949 ikahamia 30 Aprili, siku yake ya kuzaliwa. Akaja Beatrix, yeye amezaliwa 31 Januari, sasa mwambie nani atandaze blanketi barabarani Uholanzi mwezi wa Januari? Akaiacha palepale kwa mamake. Mwanawe Willem-Alexander aliapishwa 30 Aprili 2013, amezaliwa 27 Aprili 1967, hivyo tangu 2014 imesogea siku tatu nyuma. Na hiyo ya kwanza kabisa ilikuwa tarehe 26, kwani 27 ilikuwa Jumapili. Baharia asijione peke yake.

Kuhusu watumwa: mfalme huyu huyu, tarehe 1 Julai 2023, alisimama mbele ya watu Amsterdam akaomba msamaha kwa utumwa, na akataja kwamba wazee wake hawakuukomesha. Yatosha au hayatoshi, hilo waulizwe Wasurinam, mimi siwezi kuwajibia. Nasema tu yule jirani wa MamaWawili anayeuza bara siku ya mfalme analijua hilo kuliko wewe na mimi, na bado anaitoa meza yake.

Mimi kinachonigusa ni kingine. Nimeongoza wanafunzi kwenye sikukuu za taifa miaka mingi. Tunawapanga uwanjani tangu alfajiri, jua linawapiga, mmoja anazimia, wawili wanazimia, wageni wa heshima wako chini ya hema wanasoma hotuba, na hotuba ya pili inaletwa kutoka Nairobi isomwe yote. Mtoto wa Kiholanzi siku ya taifa lake anaikumbuka kwa sababu aliuza gari lake la mbao akapata pesa. Wa kwangu anaikumbuka kwa kizunguzungu.

Changamwe_Mkali

Mwalimu nimekuskia. Bado sivai.

BintiKongowea

Jamani nacheka peke yangu hapa dukani wateja waniangalia. Mwalimu shikamoo, nimesoma yako mara mbili. MamaWawili Allah akuweke, hiyo ya sahani ya yule mzee nimemsomea mamangu, asema basi ataenda, lakini si kwa mfalme ni kwa hiyo badia.

Sasa hakuna alienijibu la leso. Mimi naangalia kwa macho ya biashara. Sisi hapa tunafungua belo la mitumba twapata kamera kidogo juu, yaani zile za daraja la kwanza, katikati za kawaida, chini fagia, zile mbovu, imejaa, na hatujui nguo imevaliwa na nani. Huko naona ndo mwanzo wa belo kabisa, mwenyewe amekaa nayo mbele. Nkiuza leso nkinunua za watoto nkaja nazo?

MamaWawili_Utrecht

Za kuuza leso sahau mpenzi, na si kwa ubaya. Visa yako ni ya kutembelea, si ya kufanya biashara wala kazi, usijitie matatani kwa leso thelathini na sita. Na hata kwa mwenyeji, ile ruhusa ni ya vitu vyako vya nyumbani vilivyotumika, si mzigo mpya wa dazeni. Kila mji una vijisheria vyake na wapitaji wa kukagua wapo, si kwamba hakuna kanjo kabisa, ni kanjo aliejaa adabu. Shemeji atandaze yake, wewe kaa kando umfundishe kupanga. Leso mletee dadako, mzazi atazihitaji.

Kununua nunua utakavyo. Ukingoja jioni zaidi ndo hata hununui, kwa sababu watu wachoka kubeba, waacha maboksi ukingoni mwa barabara na watu wapitia wachagua kabla gari la taka halijaja. Mimi kabati ya vitabu ya wanangu niliipata hivyo. Lakini jioni ndo mabia, kwa hivyo mtume shemeji.

Baharia_wa_Likoni

Mwambie asivae ovaroli.

BintiKongowea

Nimerudi na ripoti. Samahani ndefu.

Hatukwenda Amsterdam. Shemeji alinuna siku mbili, alafu dadangu mwenyewe, yule wa kufunga mlango, akasema basi mutoke hapa hapa Amersfoort na mimi ntakuja na mtoto nusu saa. Tukatoka saa tatu asubuhi. Rangi ya chungwa hatuna, mamangu akafungua begi akatoa leso yake moja ya zamani, ile ya korosho pembeni, ardhi yake chungwa kali, akajitanda juu ya buibui. Basi kila mtu ampungia mkono! Wanawake wawili wamesimama wasoma ile jina ya leso, wamuuliza shemeji yasema nini, shemeji hajui Kiswahili cha leso, kawaambia ni kumuombea mfalme afya. Jina lenyewe ni la kumsema jirani. Nliuma shavu nsicheke.

Nlipofika kwenye mablanketi ya watoto nkasahau niko ugenini. Nguo zimekunjwa, pea kwa pea, zipu zafanya kazi, wallahi kamera tupu. Kuna kijana wa miaka kama saba ana buti za mvua za manjano, ndogo, nkaona hizi za mtoto wa dadangu akianza kutembea. Akanionyesha vidole, euro mbili. Mimi ulimi ukanitangulia, nkatoa bei ya Kongowea, nkamuonyesha senti hamsini. Nangoja anipandishie, tushindane, aseme mama wataka kuniua, mimi nigeuke kama naenda, aniite. Yule mtoto akaniangalia, akaangalia buti, akasema goed, yaani sawa, akanyoosha mkono. Ivo tu! Nkasimama na buti mkononi kama mwizi. Nkampa euro mbili zake nkaondoka mbio mbio na dadangu nyuma yangu achekaaa mpaka mtoto akaamka.

Lakini ya mamangu ndo ya kuandikwa. Magoti yakaanza baada ya dakika ishirini. Pembeni kuna mzee auza viti vya jikoni, vinne, vya mbao, rangi imechubuka. Mamangu hakuuliza, akakaa. Yule mzee akamletea mto akatia mgongoni. Sisi tukawa twazunguka twarudi, twazunguka twarudi, mamangu yuko pale kama amefungua duka. Viti vitatu vikauzika. Wateja wakaja wauliza cha nne, mzee awaonyesha mamangu, atikisa kichwa. Mmoja nadhani aliuliza bei na mamangu akiwa juu yake. Saa sita tumekuja kumchukua mzee asema hiki hakiuziki tena, kishapata mwenyewe, mpeni euro moja mwende nacho. Shemeji akakibeba kichwani mpaka nyumbani, kilomita nzima.

Vyoo ni kweli, euro moja, msichana mdogo alitulindia mlango na akasema bahati njema au kitu kama hicho. Bara hatukuipata upande ule, tumekula viazi vya kukaanga na mayonezi. Saa nane tulikua ndani, na kwa mbali twaskia maspika yaanza.

Sasa nna swali jipya. Tunarudi tarehe 14 na mamangu asema bila kile kiti hapandi ndege. Ashakiandika jina lake chini kwa kalamu. Nimemwambia hapa Mombasa viti vimejaa, asema si hicho. Kuna anaejua ndege yapokea kiti au nifanyeje?

Baharia_wa_Likoni

Kina miguu mingapi inayofunguka? Nipigie picha chini yake. Kama ni skrubu nne ntakwambia vile ya kukifunga, kama ni gundi nisubiri, mwezi wa saba tunapita Rotterdam.